Kila nikiinama naishika shingo ya blauzi. Nishone ipi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Mchana nakaa mapokezi ya ofisi, na jioni nafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kwa hiyo saa nyingi za siku niko mbele za watu. Ninalokuandikia huenda wengine wakaliona dogo, lakini mimi linanikera kila asubuhi nikifungua kabati.

Shingo yangu ni fupi na kifua changu ni kikubwa. Wifi yangu, ambaye ni mpenzi wa mambo ya mavazi, aliniambia mwenye umbo kama langu avae shingo ya V tu, basi. Nikamsikiliza, na sasa kabati limejaa V. Zikiwa kwenye hanga zinapendeza. Nikizivaa, balaa. Nikiinama kumwelekeza mwanafunzi kwenye daftari lake, shingo inaachama na aliyeketi mbele yangu anaona mpaka sidiria. Siku nzima mkono mmoja uko kifuani. Nimejaribu kubana kwa pini, ikatoboa kitambaa.

Halafu kuna jingine. Chini ya mtulinga wa kushoto, kama vidole viwili hivi, nina kovu la kuungua nilipokuwa mtoto. Limeinuka kidogo na linang'aa. Nyumbani silijali, ila sipendi kuulizwa na kila mwanafunzi mpya. Ukingo wa V unapita juu yake, unalionyesha nusu na kulifunika nusu, na jioni linawasha kwa kusuguliwa. Nikaona nihamie upande wa pili, nikanunua blauzi za kola ya kupanda zinazofunika koo lote. Kovu likafichika, lakini kwenye picha naonekana sina shingo kabisa, na nahisi kukabwa.

Sasa nimenunua kitambaa kizuri cha bluu iliyokoza, na fundi anangoja nimwambie nataka shingo gani. Naogopa kukiharibu. Nimetazama michoro ya uso wa duara uvae hivi, uso mrefu uvae vile, na kila mmoja unaupinga mwingine. Nichague nini, Shangazi? Na zile V nizigawe?

Mwenye Mkono Kifuani

Marahaba mwanangu, na pole. Jambo lako si dogo hata kidogo. Mwalimu anayefundisha huku ameshika nguo hafundishi kwa raha, na wanafunzi wake huutazama ule mkono badala ya ubao.

Usizigawe hizo V. Na mwambie fundi asubiri. Kitambaa cha bluu kisiguswe na mkasi mpaka umalize kufanya nitakayokueleza.

Wifi yako alisema kweli, ila aliishia njiani. V humfaa mwenye shingo fupi kwa sababu huacha ngozi wazi chini ya kidevu, na jicho la anayekutazama huteremka na ile ngozi kana kwamba shingo bado inaendelea. Hilo sina ubishi nalo. Lakini umbo si kitu pekee. Kuna shingo inavyoshuka, kuna inavyotanuka kuelekea mabegani, na kuna inavyoukaa mwili. V inayoishia vidole vitatu chini ya kishimo cha koo na V inayoishia katikati ya matiti ni nguo mbili tofauti kabisa, ingawa zote huitwa V. Watu hubishania umbo, duara au mraba au V, kumbe mara nyingi kilichowashinda ni kina na upana. Wewe kilichokushinda ni ukaaji.

Ngoja nikueleze kwa nini zinaachama, maana ukilielewa hili mengine yatakuwa mepesi. Kifua cha mwanamke si bapa. Chini ya mtulinga mwili huingia ndani kidogo, kisha huinuka kuyafuata matiti. Kitambaa hakilifuati lile bonde. Hutoka begani moja kwa moja hadi juu ya titi, na hapo katikati hubaki uwazi. Titi likiwa kubwa, uwazi nao hukua. Ukiinama, uzito wa nguo huivuta mbele na uwazi wote unafunguka.

Juu ya hapo kuna suala la saizi. Bila shaka hununua blauzi kwa kufuata kifua, kwa kuwa ndiko kunakobana. Kifua kinatosha, lakini mabega na shingo vinakuja vya mtu mwingine, mkubwa kuliko wewe. Kampuni nyingi zinazochora vielelezo vya kushonea hukadiria mvaaji mwenye sidiria ya kikombe B, yaani matiti ya wastani, na aliyezidi hapo hujikuta na nguo inayompwaya juu ili imtoshe katikati. Chukua tepu ujipime mara mbili: kwanza juu ya matiti, tepu ikipita kwapani na kuzunguka mgongoni, kisha pale matiti yanapojaa zaidi. Tofauti ikizidi sentimita 5, basi tatizo lako ndilo hili. Tiba yake ni kuchagua saizi kwa kile kipimo cha juu na mabega, halafu fundi aongeze nafasi ya matiti peke yake, kwa mikunjo ya kushonwa inayotoka ubavuni kuelekea titi. Shingo haiguswi, inabaki ya kwako.

Na kitambaa chenyewe kina lake. Ukingo wa V hukatwa mshazari, na kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika. Kikining'inizwa kwenye hanga kabla hakijashonwa, au kikivutwavutwa chini ya mashine, shingo hutoka ndefu kuliko ilivyokatwa. Fundi makini, akishaukata tu, hupitisha mshono mmoja karibu na ukingo kabla hajafanya lolote jingine, na baadaye huweka ndani utepe mwembamba usiovutika. Geuza V zako moja moja utazame. Nina wasiwasi nyingi hazina huo utepe.

Kuzirekebisha inawezekana, na si kazi kubwa. Vaa moja mbele ya kioo, ukiwa na sidiria unayovaa siku zote. Finya ukingo wa shingo kwa vidole katikati ya bega na ncha ya V, uone ni kitambaa kiasi gani kimezidi hadi ukingo ulale kifuani. Mara nyingi ni sentimita 1 au pungufu kila upande. Kiasi hicho fundi anaweza kukiondoa kwenye mshono wa bega: anaufungua, anapunguza upande wa shingoni tu, na kuuacha ufike kwenye mkono bila kupunguza kitu. Ncha ya V inapanda juu, ukingo unakaza, na kwapa halibani. Ile ambayo imeshuka mno haiponi kwa njia hii. Hiyo ijaziwe kipande cha pembetatu cha rangi ileile, au ivaliwe na fulana ya ndani. Pini iache kabisa. Kama unataka kitu cha kubana, kifungo kidogo cha kubonyeza kinachoshonwa kwa ndani hakitoboi nguo wala hakionekani.

Sasa tuje kwenye kitambaa cha bluu.

Michoro ya maumbo ya uso mimi siiamini sana. Watu wawili wenye uso wa duara, mmoja ana shingo ndefu na mwingine fupi, mmoja mabega mapana na mwingine yameteremka, hawawezi kuvalishwa shingo moja eti kwa sababu nyuso zimefanana. Na jicho lina mambo yake. Watu wengi wanaamini mistari ya kulala humfanya mtu aonekane mnene, lakini mwanasayansi Hermann von Helmholtz alieleza tangu mwaka 1867 kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana umerefuka kwenda juu kuliko mraba uleule uliojazwa mistari ya kusimama. Kwa hiyo kanuni isikutawale. Jaribu kwa macho yako.

Kujaribu ni hivi. Tafuta gazeti la zamani au karatasi yoyote kubwa inayofika bega kwa bega. Vaa fulana ya kawaida iliyokubana, simama kwenye mwanga wa mchana, na kwanza tambua sehemu tatu mwilini mwako: kishimo cha koo, kovu lako, na pale matiti yanapoanza kuachana. Toka kishimo cha koo pima hadi kwenye kovu, kwenda chini na kwenda pembeni, uandike. Kisha kata karatasi tundu dogo la shingo, uibandike juu ya fulana kwa gundi ya utepe, utazame. Ongeza tundu kidogo kidogo, mara V nyembamba, mara duara pana, mara mraba. Kila hatua jipige picha, simu ikiwa usawa wa kifua. Ukiishika juu ya kichwa, picha inakufupisha shingo na utajihukumu bila haki. Utashangaa jinsi kidole kimoja cha upana kinavyobadilisha sura nzima.

Hukuniambia kovu liko umbali gani kutoka katikati ya kifua, na hapo ndipo penye uamuzi. Kama liko nje, kuelekea begani, V nyembamba inayoanzia shinani mwa shingo itapita kati ya kovu na katikati ya kifua bila kuligusa, na hiyo nakuruhusu uishone, isishuke mno. Lakini barua yako inasema ukingo wa V unapita juu yake, kwa hiyo nadhani liko karibu na katikati. Basi chaguo langu kwako ni hili: shingo ya duara iliyo juu, pana kiasi, inayofuata mtulinga, na katikati yake mpasuo mwembamba ulioshuka sentimita 7 au 8.

Nakueleza kwa nini. Kwa kuwa ukingo unafuata mtulinga, kovu linabaki chini ya kitambaa lote, si nusu. Upana unaachia ngozi pande mbili za shingo, na kidevu kinapata nafasi ya kupumua, jambo ambalo kola ya kupanda ilikunyima. Mpasuo nao unafanya kazi uliyoitarajia kwa V: unaleta mstari wa kushuka katikati, na jicho linaufuata, lakini kingo zake ziko palepale katikati na hazifiki kwenye kovu. Siku unayotaka kufunga zaidi, kitanzi kidogo na kifungo juu ya mpasuo vinatosha. Wenye kifua kikubwa huambiwa waikimbie shingo iliyo juu, kwa sababu kitambaa kitupu kutoka kooni hadi kwenye matiti hukifanya kifua kionekane kipana. Ni kweli kitambaa hicho kikiachwa kitupu. Mpasuo unakigawa.

Kuna shingo ya mashua, ile iliyonyooka kutoka bega hadi bega kama fulana za milia za mabaharia wa Ufaransa. Nayo ingelifunika kovu, ila hutanua mabega na bila mpasuo ingekuletea lile tatizo la kitambaa kitupu. Ya mraba niiache. Ule ukingo wake wa chini uliolala ungepita juu ya kovu, labda ikatwe juu sana. Ya mabega wazi si ya kazini kwako, maana hukutaka mkono ushike nguo na hiyo inahitaji mikono miwili.

Chaguo la pili, ukitaka kitu cha ofisini zaidi, ni kola ya shati. Vifungo viwili vya juu ukiviacha wazi unapata V unayoiongoza mwenyewe, na kola yenyewe hulala juu ya eneo la kovu. Sharti ni moja: ule ukanda unaoisimamisha kola shingoni uwe mfupi sana, au usiwepo kabisa, kola ilale. Kola inayosimama sentimita 4 kwenye shingo fupi inakurudisha kulekule kwa kola ya kupanda. Na kifungo cha kwanza kinachofungwa kisimamiwe kwa makini, kwa sababu kwa mwenye kifua kikubwa ndipo shati linapovutika na kuacha dirisha. Kifungo kimoja kikae usawa wa pale matiti yanapojaa, vingine vipangwe kuanzia hapo kwenda juu na chini.

Ukienda kwa fundi, nenda umevaa sidiria utakayovaa na hiyo blauzi, kwa kuwa sidiria nyingine huinua titi hata sentimita 2 na vipimo vyote vikahama. Mwonyeshe karatasi uliyoikata na picha ulizopiga. Halafu mkubaliane juu ya mambo haya, na usione haya kuyasema, hata fundi akiwa mkubwa kwako.

Kwanza, shingo ikatwe ndogo kuliko mnavyoitaka. Shingo huweza kushushwa, kupandishwa haiwezekani. Na kuna hesabu inayowaponyoka wengi: ukijaribu blauzi ambayo shingo haijapindwa, kile kitambaa cha mshono bado kimesimama kuizunguka. Kama mshono unachukua sentimita 1, basi ikishapindwa shingo itashuka kwa sentimita hiyo na kutanuka kwa sentimita hiyo kila upande. Iliyoonekana sawasawa siku ya kujaribu inakuja imeshuka siku ya kuchukua. Mwambie auchore mstari wa mwisho kwa chaki, na hukumu yenu ifuate chaki.

Pili, nyuma ipande. Ukosini blauzi ikae karibu na shingo, kwa sababu upande wa nyuma ndio unaoshikilia nguo nzima. Shingo ikiwa pana mbele na pana nyuma, mabega yote yanateleza, na utarudi kushikashika. Upana wa mbele nao uishie ndani ya mkanda wa sidiria kwa sentimita 2 hivi; tia alama ya chaki pale mkanda unapopita kabla hajakata.

Tatu, apige bandi tu kwanza, yaani mshono wa muda wa mkono unaofumuka kirahisi. Ukiwa na blauzi ya bandi, usisimame kama sanamu mbele ya kioo. Keti. Inama kama unayetazama daftari la mwanafunzi. Inua mkono juu kama unayeandika ubaoni, kisha ushushe, uone kama shingo imerudi mahali pake au imebaki juu ya koo. Mwombe mtu asimame mbele yako unapoinama akuambie anaona nini. Hapo ndipo mashine ipite.

Kwa ajili ya kovu, omba upande wa kifua uwe na bitana ya pamba laini iliyo kipande kimoja hadi chini ya kovu. Wengi hushonea ndani ya shingo ukanda wa sentimita 5 wenye gamu ngumu, kile kitambaa cha kukazia kinachogandishwa kwa pasi, na mwisho wa ukanda huo ungeangukia palepale penye kovu na kukusugua kutwa nzima. Pamba laini, mshono mbali na kovu, na paipingi nyembamba, yaani utepe wa kitambaa wa kupindia, kwenye ukingo. Bluu yako ikiwa karibu na kiza cha ngozi yako, umbo la shingo halitaonekana vizuri kwa mbali, kwa hiyo paipingi ya rangi nyepesi kidogo italitoa. Kama ngozi yako ni nyeupe kuliko kitambaa, huihitaji, ukingo utajionyesha wenyewe.

Na kovu lenyewe, mwanangu, likiendelea kuwasha hata bila kusuguliwa, au ukiona linakua, nenda kwa daktari wa ngozi. Makovu yaliyoinuka yana matibabu, yakiwemo mabamba ya silikoni ya kubandika na sindano zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe, na hata la zamani linaweza kupunguzwa muwasho. Mwanafunzi akiuliza, "niliungua nikiwa mdogo" ni jibu kamili, kisha endelea na somo. Huna deni la hadithi kwa mtu.

Zile za kola ya kupanda bado ni mali. Kitambaa kipo, kinachozidi ni kola. Fundi aifungue, ashushe shingo hadi kwenye mtulinga na kuipindia kwa paipingi, na kama kitambaa si cha kuvutika, aongeze mpasuo uleule. Ikiwa ni za kitambaa kinachovutika, ukanda wa shingo atakaourudishia ukatwe mfupi kuliko mzunguko wa tundu, kama asilimia 80 hadi 90 yake kwa kadiri kitambaa kinavyovutika, la sivyo shingo itasimama mbali na mwili. Anza na moja, ile usiyoipenda sana, umwone fundi anavyoimaliza, ndipo umpelekee zilizobaki pamoja na kitambaa cha bluu.